Farmall M ya nusu kipimo kutoka Cub Cadet kuukuu: kisa chote, na ile siku iliyosimama kwa miguu ya nyuma

Mlioona picha ya ile trekta nyekundu ndogo mmeniuliza maswali yaleyale: imenunuliwa wapi, ni ya mtoto, inalima kweli? Haijanunuliwa popote, ni Farmall M, trekta ya shamba ya zamani ya Kimarekani, iliyopunguzwa nusu, tumeitengeneza wenyewe kutoka kitrekta cha bustani cha Cub Cadet kwenye gereji ya mzee jirani yangu, mi na mdogo wangu mmoja wa Uvira tunayefanya naye kazi, na imetula miezi 14 wakati tulipanga minne. Kwenye picha inapendeza, sikatai. Ila picha haikuoneshi kwamba kuna siku ilikuwa na gia tatu za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, wala ile Jumamosi iliponyanyua pua juu nikiwa nimekaa mimi mwenyewe, kilo 95, nikabaki naangalia mawingu. Sasa ngoja niwape kisa chenyewe kilivyokwenda, pamoja na hesabu zake, maana hesabu ndo tuliziruka na ndo zilituadhibu.

Nakaa Rock Island, Illinois, ukivuka mto Mississippi uko Iowa. Kwa watu wa matrekta hapa ni kama Makka, ndo palikuwa na kiwanda cha Farmall cha kampuni ya International Harvester mpaka kilipofungwa 1985, na jirani hapo tu Moline ndo makao makuu ya John Deere hadi leo. Farmall ni nyekundu, Deere ni kijani na njano. Sasa kujenga trekta nyekundu maeneo haya ni sawa na kuvaa jezi ya Simba ukakatiza Jangwani taratibu, na rangi zenyewe zimekaa hivyohivyo, nikimweleza mzee hiyo hadithi ya Simba na Yanga alicheka sana.

Huyo mzee alifanya kazi kiwandani pale ujana wake mpaka siku kinafungwa, na bandani kwake ana Farmall M ya kweli, ya 1949, ile kubwa yenye magurudumu mawili ya mbele yamekaribiana katikati kama miguu ya mtu aliyebana. M ilianza kutoka 1939, umbo lake alilichora Raymond Loewy, yule mbunifu maarufu, ikaendelea mpaka 1952 na zilitoka zaidi ya laki mbili na nusu. Shida ya mzee ni magoti. M kubwa unaipanda kwa nyuma, unakanyaga chuma cha kukokotea, unajivuta juu, na yeye akishapanda anakaa dakika nzima anahema. Akasema anataka M ambayo ataipanda kama anavyokaa kiti cha jikoni, ila iwe M, sio kamashine ka kukatia nyasi kalikopakwa rangi nyekundu, na anataka aende nayo Mount Pleasant kule Iowa kwenye maonesho ya Old Threshers, yapo toka 1950, kila mwaka yanaishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Nikamwambia hilo dogo. Mi ni mchomeleaji, nimeanzia gereji za Msamvu Morogoro, na ukishakuwa mchomeleaji unakuwa na ule ugonjwa wa kudhani kila kitu duniani ni kukata na kuunga.

Tukapata Cub Cadet 124, kitrekta cha bustani cha International Harvester haohao, ni za 1967 mpaka 1969, kwa jamaa mmoja ng'ambo ya mto, dola 250, imekaa chini ya mti miaka, kiti panya wamekimaliza, ila injini inazunguka. Kwa wasioyajua haya matrekta ya bustani, Mmarekani mwenye kiwanja kikubwa anakuwa na kitrekta cha kukatia nyasi, kusukumia theluji, kulimia kabustani, na yale ya zamani yalitengenezwa kwa chuma cha maana. Mengi lakini yanaendeshwa na mkanda. Cub Cadet za zamani zina propela shafti inayotoka injini moja kwa moja hadi gia boksi, gia boksi na difu ziko kwenye kasha zito la chuma cha kumwaga, na muundo wa hilo kasha umetokana na Farmall Cub, trekta ndogo ya kampuni ileile iliyoanza 1947. Ndo maana watu wa kujenga matrekta ya kupunguzwa wanazipenda, ukiivua boneti na fenda unabaki na trekta kweli, fupi tu. Gia tatu mbele, moja nyuma, injini Kohler K301 ya silinda moja, nguvu farasi 12, pointi na kondensa za kizamani ambazo fundi yeyote wa pikipiki wa Morogoro angezijua hata umwamshe usiku.

Kosa la kwanza nililifanya wiki ya kwanza. Nilianza na boneti.

Niliipima M ya mzee kwa tepu, kila kipimo nikagawa kwa mbili, nikakata maboksi ya karatasi ngumu, nikayaunga kwa gundi ya karatasi mpaka likatoka umbo, halafu ndo nikahamishia kwenye bati. Pua ile ya mviringo ilinila jumapili tatu peke yake, unagonga kwenye mfuko wa mchanga, unapitisha mkono, unagonga tena. Ikatoka kama yai. Mzee akaja akaipitishia mkono akanyamaza kimya, nikajua kapenda. Tukaja kuiweka juu ya injini, haikai. Kohler ya silinda moja imekwenda juu, kichwa kiko wima, na pembeni ina lile bati la kuongozea upepo, wakati boneti ya M ni nyembamba kama mwiko, ukigawa kwa mbili inabaki ya kufunikia jiko la mkaa. M ya kweli pembeni iko wazi, injini unaiona, boneti imefunika tenki na sehemu ya juu tu, kwa hiyo tulipaswa kuipandisha juu zaidi, na tukiipandisha inaonekana kama mtu kavaa kofia ya mtoto.

Nikalala nayo hiyo siku mbili, ya tatu nikachukua grenda nikaipasua boneti katikati kwa urefu nikaiongezea ukanda wa inchi tatu. Iliniuma. Na hapa ndo nikagundua kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa hizo jumapili: hakuna aliyeona. Mpaka leo watu wanaozijua M kama wanavyojua watoto wao wamesimama mbele yake, hamna hata mmoja aliyesema boneti imenenepa. Lakini siku tuliyoiweka kwa majaribio juu ya matairi yake ya zamani ya inchi 23, kila aliyeingia gereji alisema "hapana, kuna kitu hakiko sawa". Jicho linasamehe boneti, halisamehe tairi. M ya kweli tairi la nyuma linakaribia inchi 60 kwenda juu, ukilileta nusu unataka inchi 30, na tairi la inchi 30 lenye meno ya shamba lipo dukani tayari, saizi 8-16, ni la vitrekta vidogo vya Kijapani. Ungeanza na hilo tairi, ukaliweka chini gereji, ukachora kila kitu kingine kulifuata, ungepunguza nusu ya kazi. Sisi tulilinunua mwezi wa nne.

Na tairi lilikuja na deni lake. Toka inchi 23 mpaka 30 ni ongezeko la kama asilimia 30, maana yake injini ikizunguka vilevile trekta inakimbia asilimia 30 zaidi, na nguvu ya kuvuta inapungua kama asilimia 23, na breki pia, kwa sababu tairi ni mkono mrefu unaopingana na ile breki. Breki niliimaliza kirahisi kwa kurefusha mkono wa kanyagio. Kasi na nguvu nikasema tutaona huko mbele.

Huko mbele tukafika kwa kinyumenyume.

Ilikuwa hivi. Kwenye Cub Cadet injini imekaa flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ikiangalia nyuma, kwa dereva, na shafti inatolewa upande huo wa flaiwili. Feni ya kupoozea iko hapohapo kwenye flaiwili, kwa hiyo upepo inauvuta kutoka upande wa dereva. Mi nikaona hii haina akili kwa trekta yetu, M mbele ina grili na rejeta, kwa nini feni yetu isivute upepo kupitia grili, iwe kama rejeta kweli? Nikaigeuza injini yote, flaiwili mbele, mdogo wangu akakereza kapilingi mpya ya kuunga upande wa pili na propela shafti. Siku mbili za kazi nzuri. Beringi mpya, shafti imenyooka, haitikisiki. Tukamwaga petroli, tukaipiga stata ikawaka mara ya pili, moshi kidogo halafu ikatulia, tukaitoa mlangoni kwa kusukuma, nikakaa, nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole kama bwana harusi.

Ikaingia gereji.

Mdogo wangu kasimama nyuma yangu akaruka pembeni, "Fundi! Fundi, hii iko inarudi nyuma!" Nikadhani nimekosea gia. Nikaweka ya pili, nyuma. Ya tatu, nyuma, na kwa kasi ya kutisha. Nikaweka ya kurudi nyuma, ikaenda mbele taratibu kama inatuonea huruma. Mzee alikuwa kakaa kwenye ndoo yake anakunywa kahawa, hakusema neno, akanyoosha kidole akakizungusha hewani, halafu akageuza mkono akakizungusha tena, yaani shafti ukiitazama upande huu inazunguka hivi, ukienda kuishika upande ule inazunguka kinyume. Kitu cha darasa la nne. Injini haijui kama umeigeuza, inazunguka kama ilivyozaliwa, ila wewe umehamia upande wa pili wa saa.

Njia zilikuwa tatu. Kurudisha injini ilivyokuwa, tupoteze ile kazi ya kapilingi na ule upepo wa grili. Kufungua difu na kuhamisha krauni, gia kubwa ya difu, ikae upande wa pili wa pinioni, gia ndogo inayoizungusha, hii kuna watu wanaifanya, lakini lazima kasha liwe na nafasi ya kuipokea huko na uanze upya kupanga michezo ya meno, na mzee akasema hilo kasha halijafunguliwa toka litoke kiwandani na yeye sio atakayelifungua. Ya tatu ndo ilinijia nikiwa naosha vyombo: ukiweka jozi ya gia katikati, moja inasukuma nyingine, mzunguko unageuka. Mnyororo haugeuzi, mkanda haugeuzi, ila gia mbili zinageuza. Na ukiweka ndogo upande wa injini na kubwa upande wa propela, unapunguza kasi. Tunahitaji kupunguza kiasi gani? Ile mara 1.3 ya tairi. Meno 20 kwa meno 26, mara 1.3 kamili.

Nilikimbilia kwa mzee na mikono ina sabuni.

Faida ya tatu ikaja bure, shafti mbili haziwezi kuwa mstari mmoja, ya injini lazima ikae juu ya ile ya propela, kwa gia tulizoagiza umbali wake ulikuwa inchi 2 na 7/8, kwa hiyo injini ikapanda karibu inchi tatu na ghafla boneti na tairi vikaelewana kwa urefu. Tuliagiza gia za chuma cha pua ngumu? Hapana, chuma cha kawaida cha gia, upana inchi 1 na robo, zinaogea oili ndani ya kiboksi tulichokitengeneza wenyewe kwa bamba la nusu inchi. Hicho kiboksi cha kwanza ni chuma chakavu sasa hivi, maana tulitoboa matundu ya beringi kwanza halafu ndo tukachomelea, na moto ukavuta bamba, matundu yakahama kwa kiasi ambacho jicho halioni ila gia zinaona, zikawa zinalia kama mbwa kabanwa mlangoni. Cha pili tulichomelea chote, tukaacha kipoe usiku mzima, ndo mdogo wangu akaenda kuyatoboa matundu yote mawili kwa mashine bila kukifungua kwenye meza. Kimya. Sio kimya kabisa, gia zilizonyooka meno hazinyamazi kabisa, ila ukipunguza injini isifike zile 3,600 za kiwandani unasikia muungurumo mzuri tu. Klachi nayo ilianza kuteleza kwa sababu sasa iko baada ya gia na inapokea nguvu zaidi kuliko ilivyozoea, tukaweka springi ngumu, zinauzwa kwa wale wanaoshindana kuvuta mizigo na hizi Cub Cadet.

Gia tatu mbele, moja nyuma. Kasi kama ya kiwandani. Tukapaka rangi ya Harvester, ile nyekundu namba 2150, tukaweka usukani mkubwa wa bapa, kiti cha chuma kwenye springi, na kwa kuwa M ya kweli dereva amekaa nyuma kabisa, tukakiweka kiti inchi 9 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mbele magurudumu mawili yaliyobana, kwenye nguzo moja. Mi nilikuwa naizunguka tu, naiangalia upande huu, naenda upande ule.

Sasa ile Jumamosi. Nyuma ya nyumba ya mzee kuna nyasi zinapanda kwenda kwenye banda, sio mlima, ni kitu ambacho ukiwa na toroli unasema "mh" kidogo. Nilishuka nayo vizuri. Nikageuza chini, nikasimama, gia ya kwanza, mafuta nikaongeza kwa kuwa inapanda, klachi nikaiachia, sio ghafla sana ila ile springi mpya ngumu haina adabu, inashika yote kwa pamoja. Usukani ukawa mwepesi mkononi, yaani ukakosa uzito kabisa, na kile kipua nilichokigonga jumapili tatu kikapanda polepole kikaniziba banda, halafu mti, halafu nikaona mawingu. Nadhani haikuzidi sekunde moja. Mguu wenyewe ulikanyaga klachi, sio mimi, mguu, wa miaka mingi ya kuendesha Fuso. Pua ikaanguka ikapiga chini, nikajing'ata ulimi, na nguzo ya mbele ikapinda na kupasuka ueldi wangu mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa kashaanza kukimbia kuja huku anaita jina la Yesu kwa Kifuliiru.

Trekta ikishapinduka kinyumenyume inakuja na kila kitu juu ya kifua chako, na kwa hizi ndogo watu wanadanganyika kwa sababu ni ndogo. Kwa hiyo hakuna aliyepanda tena mpaka tuipime. Tulitumia mizani mbili za bafuni na matofali ya kuweka magurudumu usawa mmoja. Jumla kilo 290, mbele kilo 77. Hii jumla inaleta maana, M ya kweli ni tani mbili na kama kilo mia tatu, na ukipunguza urefu nusu, upana nusu, kimo nusu, uzito unabaki moja ya nane, ndo hiyohiyo.

Ila mimi sikupunguzwa. Hapo ndo penyewe. Kwenye M kubwa mtu wa kilo 95 ni kama asilimia 4 ya trekta, trekta haijui hata kama umepanda. Kwenye hii yetu mi ni theluthi ya trekta, nimekaa juu kuliko injini, na nimekaa nyuma ya ekseli, yaani ni mzigo unaoning'inia upande wa pili wa bembea. Nikapanda, mizani ya mbele ikashuka toka 77 hadi 58. Hapo tambarare. Mteremko wa nyasi niliupima kwa simu, nyuzi 10. Nikachukua karatasi, kimo cha uzito wa trekta nikakadiria inchi 20 toka chini, wangu nikiwa nimekaa inchi 40, magurudumu ya mbele na nyuma yameachana inchi 44, nikapiga hesabu: nikiwa nimesimama tu pale mlimani, sijagusa klachi, mbele kunabaki kama kilo 19. Mlima ungekuwa nyuzi 15 pangebaki sifuri. Kilo 19, halafu unaongeza nguvu ya gia ya kwanza, na gia inavyolisukuma tairi kuzunguka mbele ndivyo inavyojaribu kuizungusha bodi kurudi nyuma. Ilikuwa lazima inyanyuke.

Na ukiangalia vizuri, sisi wenyewe tuliiandaa. Ile jozi ya gia niliyoishangilia na mikono ina sabuni ndo ilirudisha ile nguvu ya kuvuta tuliyopoteza kwenye tairi, na ndo ilipandisha injini juu inchi tatu, na ndo ilitulazimisha kuweka springi ngumu ya klachi. Kila tulichorekebisha kilikuwa sahihi peke yake.

Marekebisho yenyewe hayana maajabu. Nilikata vipande vinne vya bamba la inchi moja, kila kimoja inchi 8 kwa 11, kila kimoja kinakuja kilo 11 na kitu, vikaning'inia mbele ya grili kwenye kishikio inchi 6 mbele ya ekseli ya mbele, kama zile sahani za uzito unazoziona kwenye matrekta makubwa, kwa hiyo hata kwa macho vinakubali. Jumla kilo 45. Kiti nikakisogeza mbele inchi 4, mzee alinuna kidogo, akasema sasa sio M, nikamwambia M haikutengenezwa kwa mtu aliye theluthi ya trekta. Palepale kwenye nyasi mbele kukatoka 19 kukafika 75. Nyuma tukaweka mguu wa chuma wenye vijigurudumu viwili, unaelea inchi 4 toka chini, pua ikinyanyuka huo mguu unagusa kwanza. Huo hauondoki, hata kwa picha hauondoki. Magurudumu ya nyuma nikayatanua kila upande maana ile mbele ya kubana kwenye mteremko wa kuegemea ubavu ni kama kigoda cha miguu mitatu. Kuna watu wanasema weka ekseli pana mbele utulie, ila ekseli pana ya trekta imeshikwa katikati na pini, inacheza, mpaka igonge stopa ni kigoda kilekile tu.

Na klachi nikarudisha springi ya katikati, sio ile ya mashindano. Inateleza kidogo ukiwa mkorofi, iteleze.

Kuna walioniuliza kama pawatila, ile ya kulimia unayotembea nyuma yake, inafaa kwa kazi hii, hasa watu wa Mbarali na Kilombero kulikobaki pawatila nyingi zimelala. Mi naona inafaa na kwa jambo moja ni rahisi kuliko Cub Cadet: dizeli yake ya silinda moja inaendesha gia boksi kwa mikanda, kwa hiyo habari ya kasi unaimaliza kwa kubadilisha puli, hakuna kiboksi cha gia wala kutoboa matundu. Lakini dizeli ile ni nzito, ukiiweka mbele ya ekseli ni rafiki yako, ukiiweka juu au nyuma kwa ajili ya umbo utakuja kuniambia ulichokiona angani. Na dereva mpime. Weka mizani chini ya magurudumu ya mbele, kaa juu, angalia namba, ndo uende kuchora boneti.

Mount Pleasant tulikwenda Septemba, kwenye trela, saa moja na nusu hivi toka hapa. Mzee ana kilo 70 tu kwa hiyo kwake trekta inatulia zaidi kuliko kwangu, aliiendesha mwenyewe kwenye msururu gia ya kwanza njia nzima, kofia ya Harvester kichwani, hakumwangalia mtu. Jamaa mmoja mwenye shati la kijani alikuja akachuchumaa dakika kumi anaangalia chini ya injini, akauliza kile kiboksi ni cha nini, nikamweleza, akauliza kwa nini sikuirudisha tu injini ilivyokuwa. Sikuwa na jibu la maana.

Usukani bado una mchezo kama robo mzunguko, boksi la stelingi ni lile la zamani na limekula, nitalifungua baridi ikiisha. Na kabureta inavuja kwenye bakuli, inadondosha tone moja moja juu ya ile rangi mpya, nimeagiza gasketi.